Asikate Mtu Mshipi

Noelene Trembath aliukata mshipi wake wa kuvulia Jumanne asubuhi, akasema moyoni kwamba hakuna aliyemwona, na kweli hakuna mtu aliyemwona. Aliyemwona ni mwari mwenyewe, ndege mkubwa mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo, ambaye ndoano ilikuwa imemwingia pale bawa linapoungana na mwili. Akaruka na mshipi ukimning'inia nyuma, mrefu kama kamba ya kuanikia nguo, akapita juu ya nguzo za mwisho za gati na kuelekea upande wa mikoko. Noelene akakifuta kisu cha chambo kwenye suruali, akakirudisha ndooni, akakaa kwenye kiti chake cha kukunja.

Mtu wa mbali atauliza: kumkatia ndege mshipi aende zake, kosa liko wapi? Si huruma hiyo? Huruma gani! Kwenye gati letu la Port Tregenna hata mtoto anajua. Ndege aliyekatiwa mshipi haendi huru, anakwenda na kitanzi. Atatua mtini, mshipi utajizungusha kwenye tawi, na kesho yake wenzake wakiruka yeye atabaki ananing'inia mpaka njaa immalize, na njaa haina haraka. Kwa hiyo ukimnasa ndege, usikate. Ita. Paza sauti useme "Ndege!" na wote walio karibu watakunja mishipi yao, atakuja wa wavu, atakuja wa taulo, mtamvuta polepole, mtamfunika kichwa, mtamtoa ndoano, mtamwachia. Kazi ya muda mfupi tu, na ndege anarudi kwa wanawe.

Na ukikata? Ukikata, unakunja kiti. Msimu mzima huvui kuanzia kibanda cha kati kwenda kichwani mwa gati, kwenye maji ya kina. Unabaki nusu ya huku pwani, maji ya magotini, pamoja na watoto na nyavu za kaa. Kanuni hiyo haikuwekwa na serikali. Waliiweka wavuvi wenyewe, na aliyeisimamia tangu siku ya kwanza, kwa jicho kali na bila kumpendelea mtu, alikuwa Les Trembath, mume wa Noelene.

Les alikuwa mtu wa kusifiwa, na sifa zake tusimnyime. Alifanya kazi kwenye maghala ya ngano mpaka vumbi likamwingia kifuani, akastaafishwa na kikohozi na pensheni. Tangu hapo kazi yake ikawa gati. Kabla yake ndege walikuwa wakifa pale kila wiki, na wageni kutoka jiji la Adelaide, wale wanaokuja na darubini kutazama ndege na pomboo, walikuwa wakiondoka na machozi na kututukana magazetini. Baada yake, misimu ikapita bila ndege hata mmoja kuokotwa amekufa. Mtu mmoja, kifua kibovu, na kofia iliyopauka kwa jua! Hata waliomchukia walikiri kwamba hakuna mikono kama ile, ndege akishikwa na Les hutulia kama aliyerudi kiotani.

Ila alikuwa na tabia moja. Hakuwa mtu wa kufoka. Heri angefoka, yakaisha. Yeye alikuwa akiuliza. Ndege akishaachiwa, Les angesimama mbele yako, na watu wote wamezunguka, aanze kwa sauti ya chini: ilikuwaje? Ulikuwa umeangalia wapi? Chambo ulikiacha juu ya maji kwa nini? Angeuliza mpaka mtu mzima asimame pale amevuliwa nguo zote za heshima. Mwaka uliopita alimfanyia hivyo Manoli Kontos, Mgiriki aliyevua ubavuni pake miaka mingi. Manoli alikuwa amemkatia mshipi mnandi, yule ndege mweusi anayezamia samaki. Les alimuuliza maswali yake yote, kisha akamwambia, "Kunja kiti, Manoli." Manoli akakunja. Msimu ukaisha, Manoli hakurudi kichwani mwa gati, na siku hizi wakikutana huinuliana kidevu tu kama watu wasiojuana.

Jumanne ile Les alikuwa amekwenda kibandani kununua ngisi wa chambo. Dulcie Hocking na wengine walikuwa upande wa pili wamempa Noelene mgongo, kwa sababu chuchunge, wale samaki wenye mdomo mrefu, walikuwa wameanza kula kwa fujo na hakuna aliyetaka kupitwa. Noelene naye alikuwa akiwarushia mwari vichwa vya samaki, jambo ambalo Les alikuwa amelikataza, maana ndege aliyezoea kulishwa hurukia kila kinachorushwa. Lakini Noelene aliwapenda wale ndege jamani, walivyokuja wakielea na kumkazia jicho kama watoto wanaosubiri peremende. Akarusha vichwa, kisha akarusha mshipi, na mwari mmoja akarukia.

Mdomo aliufungua aite. Akaufunga, kwa kuwa kwa mbali aliiona ile kofia iliyopauka inakuja, na maswali yote aliyasikia kabla hayajaulizwa. Uliwalisha? Nilikwambia nini? Mbele ya Dulcie. Kisu kilikuwa hapo hapo ndooni.

Les alipofika akaona mshipi wa mkewe hauna kitu mwishoni. Noelene akasema samaki mkubwa ameondoka nao. Les akacheka kwa furaha, akasema basi, bahati yake samaki huyo. Jioni, mezani jikoni, akamfungia ndoano mpya, kama alivyomfungia siku zote, maana vidole vya Noelene vilikuwa na baridi yabisi na havikuweza kufunga fundo.

*

Siku zilizofuata Noelene akawa mtazamaji wa ndege. Alitoa kabatini darubini ya marehemu babake, akawa anatembea gati zima akiangalia kila mwari aliyetua juu ya taa na kila aliyeelea baina ya nguzo. Gati letu ni refu. Ukianza kulitembea na chai ya moto, utafika kichwani imepoa. Noelene alilitembea kwenda na kurudi asubuhi, na tena alasiri, akimtafuta mmoja mwenye uzi bawani.

Na alipokuwa akitafuta alichokuwa akikiogopa, aliona mambo ambayo miaka yote ya kuvua hakuwahi kutulia akayatazama. Aliwaona minandi wamejipanga kwenye boriti wametandaza mabawa yakauke, kama makoti sokoni. Alimwona samaki taa mkubwa mweusi akipita chini ya mbao taratibu kabisa, ncha za mapezi yake zikijikunja, mpaka akajisahau akasema "Aa, mzee, pita." Aliwaona pomboo watatu wakiwasukuma samaki kwenye nguzo kwa zamu, bila kugombana. Uzuri ule ulimchoma. Kila alipofurahi alikumbuka kwamba mahali fulani kwenye mikoko yuko mmoja anafungwa polepole kwa mkono wake yeye.

Dulcie Hocking, ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa, alimtania kwamba amekuwa mtalii, kilichobaki ni kununua kofia ya kijani na kuuliza choo kiko wapi. Les yeye alifurahi. Aliwaambia watu kibandani kwamba mke wake sasa anawajua ndege mmoja mmoja, kwamba angalau yuko mtu nyumbani kwake anayejali. Alisema hivyo Noelene akiwa amesimama karibu na ndoo mkononi. Akajikaza kisabuni, akatabasamu, akashindwa kuinywa chai aliyonunuliwa.

Angeweza kumwambia. Kila jioni alijiambia, leo. Lakini hesabu yake ilikuwa hii: akikiri, atakunja kiti, na Les ndiye atakayelazimika kumkunjisha mbele ya watu, maana hajawahi kumwonea mtu aibu. Na yeye akikunja kiti, Les naye amekunja, kwa sababu ndoo, wavu na kiti cha Les vilibebwa na Noelene. Kile kifua kisingeweza kubeba kitu urefu ule wa gati. Majira ya baridi yaliyopita kichwa cha gati kilipofungwa kwa matengenezo, Les alikaa jikoni akiitazama birika, hakunyoa ndevu, hakula, mpaka Noelene akaanza kumhesabia nguo za kuzikiwa. Pensheni nayo ilikuwa ya kulipa umeme na dawa. Buchani walipita kama watu wapitao duka la dhahabu, na samaki wao walitoka kwenye yale maji ya kina. Basi akanyamaza. Lakini wazee walikwisha sema, mficha maradhi kilio humuumbua.

*

Jumamosi ya Pasaka gati lilijaa. Wageni walikuja na watoto, na kundi la wenye darubini likaja na kiongozi wao, mama mmoja mwembamba mwenye fulana ya mifuko mingi. Yeye ndiye aliyepiga yowe. Chini ya kichwa cha gati, kwenye boriti inayounganisha nguzo, mwari alikuwa ananing'inia kwa bawa moja, miguu ikigusa maji na kuachana nayo kila wimbi lilipopita.

Noelene hakuhitaji darubini.

Watu wakajaa ukingoni. Wageni wakapiga kelele kwamba kamba ikatwe, ndege anateswa, hivi wavuvi hawa wana roho gani. Kijana mmoja alikwisha kutoa kisu na kuinama. Les akaja akikohoa, akamshika yule kijana mkono, si kwa nguvu. "Asikate mtu mshipi," akasema. Mama wa darubini akamwambia kwa kilio kwamba yeye ni katili. Les akavua kofia. "Mama, kama unampenda, nisaidie kimya kidogo tu."

Kisha akaanza kushuka ngazi ya chuma iendayo majini. Noelene alimshika bega, akamwambia kwa kifua hicho asishuke, ashuke mwingine. Les akamtazama kama asiyeelewa maneno. Mwingine nani? Akashuka, ngazi baada ya ngazi, akipumzika, midomo ikimgeuka rangi. Alipofika usawa wa ndege akavua sweta lake kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika chuma. Mwari akampiga kwa lile bawa zima, kofi la kumwangusha mtu. Les hakurudisha mkono. Aliongea naye, hakuna aliyesikia nini, akamtupia sweta kichwani, na ndege akatulia.

Lakini sasa pumzi zilikuwa zimekwisha. Ilionekana wazi: mzee amemkumbatia ndege kwa mkono mmoja, hawezi kumfungua, hawezi kupanda. Wavu ulihitajika chini yao, wavu mpana wa duara, na mtu mwenye mabega ya kuuvuta juu pamoja na mzigo. Hapo ndipo watu walipopisha, na Manoli Kontos akapita katikati yao. Alikuwa ametoka mbio nusu ya pwani, mahali ambapo hakuwa amepavuka kwa mwaka mzima, na wavu wake wa kaa begani. Hakumsalimu mtu. Akaushusha kwa kamba mpaka ukafika chini ya mwari, Les akamlaza ndege ndani, akafungua mshipi kwenye boriti zungusho kwa zungusho, na Manoli akaanza kuvuta kidogo kidogo wavu usigonge nguzo. Baadaye akamshushia mkono Les mwenyewe, akampandisha. Wote wawili wakapiga magoti mbele ya ndege, mmoja akimshika mabawa, wa pili mdomo.

Noelene aliwatazama na kuona fahari iliyomuumiza. Les aliuacha mdomo wa ndege wazi kidogo, kidole katikati, maana mwari hupumulia mdomoni na ukimfunga umemuua. Manoli alitoa koleo kabla hajaombwa. Ndoano ikasukumwa mbele badala ya kurudishwa, ncha yenye meno ikakatwa, ikatoka laini. Mshipi uliojisokota bawani wakautoa wote, hata ule uliozama kwenye manyoya. Palikuwa na kidonda, lakini mfupa ulikuwa mzima. Wakampeleka ukingoni, wakamfunua kichwa, wakamwachia. Akaanguka majini kama mzigo, akatikisa kichwa, akajioga mara nyingi kwa hasira, halafu akakimbia juu ya maji, miguu ikipiga pa pa pa, akaruka. Watu walishangilia mpaka sauti zikakauka. Mama wa darubini alimshika Les mkono kwa mikono yake miwili.

*

Dulcie ndiye aliyeuliza. Kwa kanuni ilikuwa lazima aulize mtu.

"Mshipi huu umekatwa kwa kisu," akasema akiuinua mwisho wake. "Haukukatika. Wa nani?"

Les alikuwa bado ana ndoano kiganjani. Noelene aliona kidole gumba chake kinapita juu ya fundo. Ni fundo la kurudi mara mbili alilofundishwa Les na babake, aliyekuwa baharia wa mashua za ngano, na katika gati zima hakuna mtu mwingine aliyelifunga, wala yeye hakumfungia mtu ila mkewe. Kidole kikasimama. Kiganja kikafumba. Les hakumtazama mkewe, na kwa kutomtazama kwake Noelene akajua kwamba amejua.

Ndipo sauti moja nyuma ya watu ikasema kwamba mkata mshipi hapa anajulikana, na leo amejileta mwenyewe na wavu wake. Watu wawili watatu wakaguna. Macho yakamgeukia Manoli, ambaye shati lake lilikuwa limelowa maji na kinyesi cha ndege. Manoli hakujitetea. Aliinama, akaanza kuukunja wavu.

"Acheni," Les akasema. "Ni wangu. Nimekata mimi."

Dulcie akaushusha ule mshipi. Mtu akacheka akidhani ni mzaha. Les akaokota kiti chake, akakikunja, akakiegemeza mguuni. Akasema kanuni ni kanuni, haina mwenyewe, yeye ataanzia kibanda cha kati kesho, na wasimletee maneno mengi kwa sababu hana pumzi.

Noelene alimwona mumewe amesimama pale na sweta lililochafuka, amekunja kiti ambacho ndicho uhai wake, kwa ajili ya mkewe, na ameukunja uongo ndani yake, yeye ambaye hajawahi kusema uongo hata wa kuchelewa kazini. Angeweza kunyamaza. Yangeisha. Watu wangemsamehe Les kwa wiki mbili na kumwita arudi.

"Si wake," akasema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Ni wangu. Jumanne ile ya wiki iliyopita, Les alipokwenda kununua ngisi. Nilikuwa nawalisha. Mwari akarukia ndoano yangu, nikakata."

Les akafumba macho. "Noelene, nilikwisha maliza hili."

"Hukumaliza. Umelibeba tu."

Hapo tabia ikamshinda. Hakuweza kujizuia, ndivyo alivyoumbwa. Akauliza kwa ile sauti yake ya chini, "Kwa nini hukuita? Dulcie alikuwa pale. Sote tungekuja. Kwa nini hukuita?"

Noelene alitaka kusema alishtuka. Alitaka kusema vidole, baridi yabisi. Akamtazama usoni.

"Kwa sababu nilikuogopa wewe," akasema. "Ndege alikuwa anaumia nikamwona. Nikakuona na wewe unakuja. Nikakuogopa wewe zaidi."

Ndipo Manoli, bado ameinama juu ya wavu wake, akasema bila kuinua kichwa:

"Hata mimi."

*

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu siku hiyo. Noelene alibeba ndoo na viti vyote viwili. Les alitembea mbele kidogo, akisimama kupumua, akiangalia maji. Nyumbani alikaanga samaki mwenyewe, akamtilia mkewe wale wakubwa, wakala. Hakuuliza swali hata moja. Noelene, aliyekuwa ameyaogopa maswali maisha yake yote ya ndoa, aliuona ule ukimya mbaya kuliko maswali, akalala ameupa ukuta uso.

Jumapili asubuhi, kabla Les hajamaliza kunyoa, Noelene akachukua kiti chake, fimbo yake ya kuvulia na taulo tu, akaenda gatini, akakaa nusu ya pwani. Hakungoja kufukuzwa. Watoto walikuwa wakishusha nyavu za kaa kwa fujo, na Manoli alikuwa kwenye sanduku lake la kukalia, akamsogezea ndoo ya chambo kana kwamba walikuwa na miadi. Akamwambia maji haya yana kaa na samaki wadogo na minandi wezi, ila huku hakuna mtu wa kukuuliza maswali. Noelene akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile.

Wakamwona Les anakuja. Alikuwa amebeba kiti chake na fimbo yake mwenyewe, akisimama kila baada ya hatua chache, mwekundu kama kaa aliyechemshwa. Noelene akainuka kumpokea, Les akakataa kwa kichwa. Alipowafikia akasimama ameshika ukingo, anahema. Kisha akamgeukia Manoli. Alisema maneno machache, wala hayakupangwa vizuri. Kwamba mwaka jana alimuuliza mengi mbele ya watu. Kwamba alidhani anawalinda ndege. Kwamba jana wakati yuko ngazini hana pumzi, alipoona ni nani ameshika kamba juu, aliona haya.

Manoli akamsikiliza mpaka mwisho. "Kaa," akasema, "usije ukafa hapa wakasema nimekuua mimi."

Basi Les akakaa, kati yao. Noelene akamwambia kwa upole kwamba hakufukuzwa, aende kichwani kwenye nafasi yake, mtu wa kumbebea ndoo atapatikana. Les akajibu kwamba njiani amekwisha mwambia Dulcie: kuanzia leo hakuna kukunja viti. Anayenasa ndege aite, basi, na akishaitikiwa asiulizwe kitu. Na yeye kichwani hatakwenda mpaka watakapokwenda wote watatu. Akatia ngisi kwenye ndoano na kuurusha mshipi. Manoli akamwonya kwamba huku chambo kizamishwe haraka, usikiache kikielea, minandi wa huku hawana adabu. Les akasema yeye amevua tangu Manoli hajavuka bahari, asimfundishe kazi.

Hakuwa amemaliza kusema mshipi ukakaza. Haukukaza kama unavyokaza kwa samaki. Ulikimbia chini, ukageuka, ukapanda, na mnandi akatoka majini anapiga mabawa, ndoano imemwingia mdomoni, anavuta huku na huku mbele ya watoto wote wa mji. Les Trembath, mwenye kanuni, amenasa ndege kwa kosa la mwanafunzi.

Manoli alikuwa ameinamia wavu wa mtoto mmoja, hakuona. Noelene aliona. Alimwona mumewe anageuza kichwa kulia, halafu kushoto, uso umemwiva. Akaona mkono wake wa kulia unaachia fimbo, unateremka polepole kama si wake, unaingia mfuko wa koti, mfuko wa kisu. Ukakaa humo. Les akainua macho, akakuta mkewe anamtazama.

Noelene hakumuuliza. Alingoja tu, na moyo wake wote ulikuwa pamoja na ule mkono.

Mkono ukatoka mtupu.

"Ndege!" Les akaita. Sauti ilikuwa kavu, ikakatika njiani. Akameza mate, akaita tena kwa kifua chote kibovu alichokuwa nacho, mpaka watu wa kibandani wakageuka. "Ndege! Noelene, njoo, nimenasa ndege!"

Noelene alikwisha kulikunjua taulo. Alikwenda.